Kupima Magonjwa kwa Misuli: Ni Nini, na Mkristo Aichukulieje?

Kupima magonjwa kwa misuli ni mojawapo ya njia za tiba mbadala. Mgonjwa hunyosha mkono, naye mpimaji huukandamiza huku mgonjwa ameshika chakula au kichupa cha dawa. Mkono ukilegea, huambiwa kwamba kitu kile kinamdhuru, au kwamba kiungo fulani cha ndani kina ugonjwa.

Njia hii ilianzishwa mwaka 1964 na George Goodheart wa Detroit, Marekani, mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo. Isichanganywe na kipimo cha daktari kwa mgonjwa wa kiharusi: daktari hupima udhaifu wa misuli yenyewe, hatafuti mkononi habari za ini au figo.

Katika majaribio ambamo wahusika hawakujulishwa kilichomo kichupani, majibu yalilingana na ya kubahatisha. Sababu ni kwamba mwili hufuata matarajio pasipo mtu kukusudia. Mpimaji huongeza nguvu kidogo, mgonjwa hulegea kidogo, na wote wawili huamini kwa moyo mweupe. Unyofu wa mpimaji, basi, hauthibitishi ukweli wa kipimo.

Sisi wa Ngara na Biharamulo tunaijua thamani ya kipimo cha kweli. Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa wilayani Biharamulo. Dalili zake za kwanza, kama homa na maumivu ya kichwa, hufanana na za malaria. Ni maabara ya Kabaile, kisha ya Dar es Salaam, zilizoutambua. Kwa kuwa huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, kukosea kuutambua kungehatarisha familia nzima.

Kanisa halikatai mitishamba wala tiba za jadi zenye manufaa. Hata hivyo, Katekisimu, namba 2117, inafundisha kwamba tiba hizo hazihalalishi kuziita nguvu za uovu, wala kujinufaisha kwa wepesi wa wengine wa kuamini. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuelekeza kusali tuuguapo na pia kumpa tabibu nafasi yake. Sala na maabara havishindani.

Wapendwa, mwenye homa, au kikohozi cha wiki mbili, aende zahanati akapimwe. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU asiziache kamwe kwa sababu mkono wake umelegea. Uhai ni amana ya Mungu. Tuutunze kwa imani na kwa akili aliyotujalia.