Taka zilihama, maji yake yakabaki: historia ya maji ya dampo na somo lake kwa mkulima

Leo tuzungumzie maji meusi yanayotiririka chini ya lundo la taka. Mvua ikinyesha juu ya dampo, maji hupenya, huchanganyika na uozo, kisha hutoka yakiwa na amonia, chumvi, vijidudu na mara nyingi metali nzito kama risasi na kadimi. Kwa kuwa yanakolea kama samadi iliyolowekwa, wapo wanaodhani ni mbolea ya bure. Historia yake itakuonyesha kwa nini sivyo.

Kesi za Dar es Salaam

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka karibu na makazi yao. Walilalamikia moshi, harufu na nzi. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini Jiji liliendelea kuomba muda zaidi hadi mwaka 1991. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye zikaja zamu za Vingunguti, Mtoni na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Angalia jambo moja hapo. Kila mara lori lilibadilisha njia, ila lundo la zamani lilibaki mahali pake. Moshi huisha moto ukizimwa, na nzi huondoka taka mpya zisipokuja. Maji hayafuati amri ya mahakama. Dampo lililofungwa huendelea kuyatoa kwa miaka mingi. Tabata na Vingunguti zote ziko katika bonde la mto Msimbazi, bonde ambalo mchicha na matembele hulimwa hadi leo.

Wenzetu walijifunzaje?

Mwaka 1937 mji wa Fresno, Marekani, ulianza kuchimba mitaro, kushindilia taka na kuzifukia kwa udongo kila siku. Panya na harufu vilipungua, lakini chini hapakuwa na kizuizi, hivyo maji yaliendelea kuzama ardhini. Kanuni za nchi hiyo za mwaka 1991 ndizo zilizotaka dampo jipya liwe na tandiko la plastiki juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa sentimita 60, na mabomba ya kukusanya maji hayo.

Yakishakusanywa hupelekwa kwenye mabwawa. Kwanza hupulizwa hewa ili bakteria wale uozo na kugeuza amonia. Kisha hupitishwa polepole kwenye changarawe zilizopandwa matete. Mjerumani Käthe Seidel alianza kuchunguza uwezo wa mimea hiyo kusafisha maji miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa mabwawa ya aina hiyo kwa majitaka. Matete hayali metali zikaisha. Nyingi hubaki kwenye tope na mizizi, ndiyo maana hayafai kulishwa mifugo.

Wewe ufanye nini?

1. Usimwagilie kwa maji yanayotoka dampo, hata yakionekana yamekuza mchicha vizuri. Amonia ikizidi huunguza mizizi, chumvi huharibu udongo, na risasi hubaki kwenye majani unayouza.
2. Kuchemsha huua vijidudu tu. Metali hubaki, tena maji yakipungua huzidi kukolea.
3. Kabla ya kukodi shamba au kuchimba kisima, waulize wazee wa mtaa kama pamewahi kuwa dampo na maji ya mvua huelekea wapi. Panda upande wa juu, si chini yake.
4. Usichote udongo mweusi wa dampo la zamani kuwa mboji. Tengeneza yako kwa masalia ya jikoni na samadi. Kila ndoo ya uozo usiyoipeleka dampo hupunguza maji hayo.
5. Kama una shaka na kisima, omba kipimwe maabara, na utaje metali nzito. Kipimo cha vijidudu peke yake hakitazionyesha.

Halmashauri yenu ikileta mpango wa dampo jipya, nenda kwenye mkutano wa kijiji. Usiulize tu litakuwa umbali gani. Uliza chini patatandikwa nini, na maji yake yatakwenda wapi.