Wanawake na Mbio za Baiskeli za Siku Mfululizo

Mbio za baiskeli za siku mfululizo ni mashindano yanayogawanywa katika hatua. Kila hatua ina mstari wake wa kuanzia na wa kumalizia, na muda wa kila mshindani hujumlishwa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Bingwa ni mwenye jumla ndogo kuliko wote, hata kama hakushinda hatua yoyote. Hesabu hiyo ndiyo inayozitenga na mbio za siku moja: aliyeanguka Jumatano akapoteza dakika nne huamka Alhamisi na deni lilelile, goti likiwa limevimba, na bado anatakiwa kupanda mlima pamoja na wenzake. Katika historia ya wanawake kwenye mbio hizi, swali la kama wanauweza uchovu wa siku nyingi lilijibiwa mapema mno. Kilichokwamisha mashindano yao mara kwa mara ni kanuni, fedha na watu wenye mamlaka juu ya vyote viwili.

Jibu la kwanza lilipatikana wakati baiskeli ilikuwa bado na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na mwendeshaji akikaa juu kiasi kwamba kuanguka kungeweza kumvunja shingo. Mwaka 1883 mjini Chicago, Louise Armaindo, mzaliwa wa Kanada, alishindana na wanaume wawili, William Morgan na William Woodside, kwa siku sita, saa 12 kila siku. Alimaliza maili 843, yaani zaidi ya kilomita 1,350, akawaacha wote wawili nyuma. Miaka michache baadaye ilikuja baiskeli yenye magurudumu yanayolingana na mnyororo, na wanawake wengi zaidi wakaingia mchezoni. Januari 1896 wanawake walishindana kwa siku sita katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na Frankie Nelson akaibuka mshindi.

Katika miaka hiyo ya 1890 mtindo uliozoeleka kwa wanawake ulikuwa kukimbia saa mbili au tatu kila jioni, kwa siku sita, kwenye viwanja vidogo vya mbao ambavyo kona zake ziliinuliwa kwa mteremko mkali. Muda huo mfupi ulifanya mwendo uwe wa kasi tangu mwanzo, na watazamaji waliupenda kuliko mbio ndefu za wanaume waliosinzia juu ya viti vyao. Aliyetia fora ni Tillie Anderson, mhamiaji kutoka Sweden aliyefika Marekani mwaka 1891 na kufanya kazi ya ushonaji Chicago. Alianza kushindana mwaka 1895, na baadaye mwenzi wake, ambaye naye alikuwa mwendesha baiskeli, akaacha mbio ili awe kocha wake. Anderson alipoteza mashindano machache sana. Kufikia 1902 njia ilikuwa imefungwa: wanawake walizuiwa kushindana kwa madai kwamba mchezo ni wa hatari, naye akastaafu akiwa bado hana mpinzani.

Barani Ulaya mlango ulifunguka kwa sababu ya ugomvi wa fedha. Mwaka 1924 timu na nyota wakubwa wa Italia walisusia Giro d'Italia, na gazeti la Gazzetta dello Sport, lililoandaa mbio hizo, lilihitaji kitu cha kuwavuta wasomaji. Ndipo Alfonsina Strada, mwanamke wa miaka 33 kutoka mkoa wa Emilia, alipokubaliwa kuanza pamoja na wanaume. Mbio zilikuwa na hatua 12 zenye jumla ya kilomita 3,613, nyingi zikipita barabara za vumbi na matope, ingawa siku za mapumziko ziliachwa kati ya hatua na hatua. Katika safari ya kutoka L'Aquila kwenda Perugia, chini ya mvua na upepo, usukani wa baiskeli yake ulivunjika. Kipande cha mpini wa ufagio kikafungwa mahali pake, naye akaendelea hadi usiku. Alifika nje ya muda unaoruhusiwa, na kwa sheria alikuwa ameondolewa. Waandaaji walimruhusu kuendelea bila kuhesabiwa katika msimamo, na akafika Milan, mwisho wa mbio. Kati ya watu 90 walioanza, wanaume 30 tu ndio waliomaliza. Mwaka uliofuata hakuruhusiwa kurudi.

Mbio za hatua za wanawake peke yao barabarani zilichelewa hadi mwaka 1955, pale mwandishi wa habari Jean Leulliot alipoandaa mashindano ya siku tano kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia 28 Septemba hadi 2 Oktoba. Washindani 41 walianza, na Millie Robinson wa kisiwa cha Man akashinda. Mashindano hayo hayakurudiwa. Miaka mitatu baadaye, mjini Reims, wanawake walipewa kwa mara ya kwanza mbio za barabarani za ubingwa wa dunia. Zilikuwa za siku moja, na Elsy Jacobs wa Luxembourg akazishinda.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, wanawake wote walihesabiwa kuwa washindani wa ridhaa. Mwaka 1965 usimamizi wa kimataifa uligawanywa kati ya shirikisho la wanaolipwa na shirikisho la ridhaa, na wanawake wakawekwa upande wa ridhaa bila kujali kiwango chao. Jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Mshindani wa ridhaa hana mshahara. Likizo yake ya kazi au ya chuo ndiyo inayoamua atashindana siku ngapi. Mtu anaweza kuiba Jumapili moja kwa ajili ya mbio, lakini wiki mbili mfululizo lazima ziombewe ruhusa. Juu ya hayo, kanuni za kimataifa ziliweka kikomo cha urefu wa hatua na idadi ya siku kwa wanawake, kikomo kilicho chini sana ya kile cha wanaume.

Marekani ndiyo iliyovuta kamba. Mashindano ya Boulder, jimbo la Colorado, yaliyoanza mwaka 1975 yakifadhiliwa na kampuni ya majani ya chai kabla ya kampuni ya bia kuyachukua, yaliwapa wanawake mbio zao za hatua na kuwainua washindani kama Connie Carpenter. Mwaka 1984 mambo matatu yalitokea kwa pamoja. Jimbo la Idaho lilianzisha mbio za hatua za wanawake peke yao. Los Angeles ikaandaa mbio za kwanza za barabarani za wanawake katika Michezo ya Olimpiki, za takriban kilomita 79, Carpenter akatwaa dhahabu. Na waandaaji wa Tour de France wakaanzisha Tour ya wanawake.

Tour hiyo ilianza 30 Juni ikaisha 22 Julai 1984, ikiwa na hatua 18 na zaidi kidogo ya kilomita 1,000. Ili hatua hizo zikubaliwe, ilibidi kanuni ilegezwe. Wanawake 36 wa timu sita walipita sehemu ya mwisho ya njia ileile ya wanaume, wakitangulia kwa saa kadhaa, hivyo mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wamepanga viti na vikapu vya chakula kando ya barabara wakiwasubiri wanaume waliwaona wao kwanza. Marekani ilikuwa imewaweka nyota wake kwa ajili ya Olimpiki, ikapeleka kikosi cha wengine. Mmojawao, Marianne Martin wa Boulder, alikuwa ametoka kuugua upungufu wa damu mapema msimu huo, na nafasi yake aliipata dakika za mwisho kwa kumwomba kocha. Alianza taratibu, kisha milima ya Alps ikaamua: wapandaji wa Uholanzi waliopewa nafasi kubwa ya kushinda walimwona akiondoka, na jezi ya njano, ya anayeongoza kwa jumla ya muda, ikawa yake hadi Paris. Alisimama jukwaani pamoja na Laurent Fignon, bingwa wa wanaume. Fignon alipata zaidi ya dola 100,000. Martin alipata karibu dola 1,000, akagawana na wenzake.

Uwezo wa kushindana siku baada ya siku hujengwa kwenye mambo ambayo mtazamaji haoni. Misuli hutumia akiba yake ya wanga katika saa chache za mwendo mkali, na akiba hiyo hurudi polepole. Kwa hiyo mshindani hula wali, viazi au tambi mara tu anaposhuka, kabla hata hamu haijamjia. Barabarani hujificha nyuma ya wenzake kukwepa upepo, kwa kuwa nguvu anayookoa Jumamosi ndiyo atakayoitumia Jumapili. Mashindano ya Tour of the Gila, yaliyoanzishwa mwaka 1987 huko Silver City, New Mexico, yanaonyesha vizuri mchanganyiko huo, nayo huwapa nafasi hata wanawake wa madaraja ya ridhaa: kuna siku ya kupambana na saa, kila mtu peke yake, siku ya mizunguko mifupi ya kasi katikati ya mji, na hatua ya mwisho ya milimani ambayo wenyeji huiita Zimwi la Gila. Anayejua kimoja tu kati ya hivyo hupitwa.

Tour ya wanawake ya Ufaransa ilishindwa kujipatia fedha na ikasitishwa baada ya 1989, Jeannie Longo akiwa ameshinda mara tatu za mwisho. Mwaka 1990 UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, lilikataa kuidhinisha mbio za Idaho kwa hoja kwamba zilipita kiasi kilichowekwa kwa wanawake. Zilifanyika hata hivyo, na washindani wakazimaliza. Hizo nazo zilifikia kikomo mwaka 2002 kwa kukosa mfadhili. Nchini Ufaransa mashindano mengine yalijaribu kuziba pengo kwa majina tofauti, yakafifia hadi siku nne mwaka 2009, Emma Pooley akiwa bingwa. Pooley, Marianne Vos, Kathryn Bertine na Chrissie Wellington ndio waliopeleka ombi la hadhara mwaka 2013 kutaka wanawake warudishwe kwenye Tour de France, na karibu watu 100,000 wakalitia saini.

Tour de France ya wanawake ilirudi mwaka 2022 kwa hatua 8, Annemiek van Vleuten akashinda. Mwaka 2025 Kimberley Le Court Pienaar wa Mauritius alivaa jezi ya njano, Mwafrika wa kwanza kuivaa katika mashindano hayo, na akashinda hatua ya tano. Hatua zilikuwa 9 mwaka huo, ndefu kuliko zile za zamani, lakini idadi yake ni nusu ya zile 18 ambazo wanawake wa ridhaa walizikimbia mwaka 1984.