Mjane anarithi nini? Safari ya sheria za mila, kutoka baraza la mtemi hadi kanuni za 1963

Mume amefariki bila wosia, ameacha watoto. Mjane anapata nini? Tanzania swali hili halina jibu moja.

Kwa sheria ya Kiislamu, fungu lake ni 1/8. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyoletwa na Waingereza na kubaki baada ya uhuru, ni 1/3. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, hapati fungu lolote ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Kanuni inasema atatunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Sheria hizi tatu zilifikaje mezani pamoja? Tabora ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sheria ya kichwani

Karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Ilikuwa ndani ya Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi. Mtemi aliamua kesi akiwa na wazee wake. Hapakuwa na kitabu. Sheria ilikaa vichwani mwa wazee, na kila utemi ulikuwa na taratibu zake.

Misafara nayo ilikuwa na sheria zake. Mfanyabiashara akipita kwenye nchi ya mtemi alilipa hongo, yaani ushuru wa njia. Ugomvi kuhusu njia na ushuru ulichangia vita vya 1871 kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora.

Waarabu na watu wa pwani walikuja pia na Uislamu, wenye sheria ya mirathi iliyoandikwa karne nyingi kabla. Ndiyo maana hadi leo familia moja ya Kinyamwezi inaweza kuwa na mila zake na Uislamu wake, na msiba ukitokea ndugu wakavutana: tufuate ipi?

Mila zenyewe zilikuwa na undani wake. Kwa Wanyamwezi, ndoa iliyotolewa mahari iliwapa watoto ukoo wa baba. Isipotolewa, watoto walikuwa wa upande wa mama. Lakini baba aliweza kulipa baadaye na kuwakomboa. Mlango wa mazungumzo ulikuwa wazi.

Roma nako ilikuwa hivyohivyo

Kuandika sheria za kale si jambo la Afrika peke yake. Roma ya mwanzo, sheria ilikuwa mila, na waliojua kuisoma na kuitafsiri walikuwa makuhani kutoka familia za juu. Watu wa kawaida walidai iandikwe ili hakimu asijitungie. Mwaka 451 na 450 KK zikatoka Mbao Kumi na Mbili, zikawekwa hadharani.

Karibu miaka 1,000 baadaye sheria zilikuwa zimerundikana mno. Mfalme Justinian wa Konstantinopoli akampa mwanasheria Tribonian kazi ya kuzipanga. Kati ya 529 na 534 zikatoka juzuu za amri za wafalme, kitabu cha wanafunzi, na Digesta, mkusanyo wa maoni ya wanasheria wa zamani katika vitabu 50. Waandishi walikata na kubadili mengi. Justinian akapiga marufuku kurudi kwenye maandiko ya awali.

Kwa hiyo anayekusanya sheria huchagua pia nini kibaki na nini kiachwe.

Cory na wazee

Waingereza walitawala Tanganyika kupitia watemi na machifu. Mahakama za wenyeji ziliamua kwa mila, na serikali ilitaka kujua mila hizo zinasema nini. Kazi hiyo ilimwangukia Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeajiriwa na serikali kama mtaalamu wa jamii. Mwaka 1945, yeye na Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za Wahaya. Mwaka 1953 kikatoka cha Wasukuma. Aliandika pia, kwa Kiswahili, *Sheria na Kawaida za Wanyamwezi*.

Cory aliuliza zaidi machifu, wazee na watu wa mahakama. Karibu wote walikuwa wanaume. Kwenye mirathi, wajane na mabinti walizungumziwa zaidi kuliko walivyozungumza.

Baada ya uhuru wa 1961, Wizara ya Sheria ilikuwa chini ya Chifu Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Serikali ilitaka taifa moja lenye mahakama moja, si kila kabila na sheria yake. Wawakilishi wa wilaya walikutanishwa, wakakubaliana kanuni za pamoja kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mwaka 1963 zikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kuanza kutumika wilaya baada ya wilaya.

Faida ilikuwepo. Kwa mfano, ndoa haikuwa batili tena kwa sababu tu mahari haijalipwa. Lakini kwenye mirathi, mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza alipewa fungu kubwa, wana wengine wakafuata, mabinti wakawa daraja la 3. Kilichokuwa kinajadiliwa barazani sasa kilikuwa na namba ya kifungu.

Kanuni zafikishwa mahakamani

Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilisikiliza kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Kanuni za 1963 zilimkataza mwanamke kuuza shamba la aina hiyo. Jaji Mwalusanya alisema katazo hilo ni ubaguzi na linapingana na haki zilizomo kwenye Katiba. Mauzo yakabaki halali.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga hawakupata bahati hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni zinabagua, ila ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya nyaraka. Walikwenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ilisema Tanzania imevunja haki zao na izirekebishe kanuni hizo.

Mambo ya kujua

Kuhusu ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Kuhusu sheria ipi itumike, mahakama huangalia marehemu aliishi vipi: dini yake, ndoa yake, maisha yake ya kila siku, na nia aliyoionyesha. Kabila peke yake halitoshi.

Na wosia ulioandikwa vizuri, mbele ya mashahidi, humpunguzia mjane kazi ya kuthibitisha hayo yote mwenye maneno akiwa ameshazikwa.