Mpaka Usioonekana: Istilahi za Swichi na Mitandao Mkoani Mara

Neno swichi liliingia katika Kiswahili pamoja na umeme, nalo likapata maana moja thabiti: kifaa cha kuwashia na kuzimia taa. Maana hiyo humtatiza mfasiri akutanapo na swichi ya mtandao wa kompyuta, ambayo kazi yake si kuwasha wala kuzima, bali kupokea habari kwa tundu moja na kuzipeleka kwa tundu jingine zinakostahili. Yatupasa kuitazama historia ya jambo hili, kwani kosa la istilahi huweza kuzaa kosa la kazi.

Katika miaka ya 2000, taasisi za Tanzania zikishirikiana na Chuo Kikuu cha KTH cha Sweden zilijenga mtandao wa majaribio kati ya Bunda na Mugumu, wilayani Serengeti, kwa kutumia mkongo uliomo katika njia ya umeme ya TANESCO. Popote njia moja ihudumiapo halmashauri, hospitali na shule, swali huzuka: wote waitumieje bila siri za wagonjwa kumfikia asiyehusika?

Jibu lilisanifishwa kimataifa mwaka 1998, katika kanuni iitwayo 802.1Q. Kila kifurushi cha habari hubandikwa lebo yenye namba ya biti 12, nazo namba zitumikazo ni 4,094. Ofisi mbili zilizo mbalimbali zaweza kuwa kundi moja, na majirani wa swichi moja wakawa wageni. Wako wawezao kuliita kundi hilo mtandao bandia. Hatukubaliani nao, maana kilicho bandia ni cha uongo, na mtumishi aweza kuupuuza. Twapendekeza mtandao pepe, kwa mfano wa barua pepe, ambayo ni barua ya kweli ingawa haina karatasi.

Je, mitandao pepe miwili huwasilianaje? Wasomaji wa Tarime wanao mfano. Wakurya wanaishi Tanzania na Kenya pia, lugha yao ni moja, lakini msafiri halali hupitia Sirari, akakaguliwa. Vivyo hivyo kila mtandao pepe huwekewa lango lenye anwani yake. Neno kiolesura, linalofaa kwa sura ionekanayo kwenye skrini, hapa lingepotosha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, kila tundu hupangiwa mtandao pepe wake. Pili, tundu liunganishalo swichi mbili huruhusiwa kupitisha lebo za mitandao inayohitajika pande zote mbili. Tatu, malango huwekwa. Nne, uelekezaji huanzishwa, na kanuni za nani apite zikaandikwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo isahauliwayo: kwa kawaida uelekezaji ukianza bila kanuni, malango yote huwa wazi. Aidha, tundu lililopangiwa kundi lisilo lake ni njia ya panya. Mpaka upo, lakini haulindi kitu.

Basi twapendekeza swichi ya mtandao, tundu, mtandao pepe, lango na uelekezaji. Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wanaombwa wayapime maneno haya kazini. Mwenye ufunguo wa jalada la mgonjwa ana haki ya kuelewa, kwa lugha yake, mlango anaoufunga.