Presha ya Ndani ya Figo

Panya wa aina ya Munich-Wistar ana kitu ambacho panya wengi hawana: baadhi ya vichujio vya figo yake viko juu kabisa, na vinaonekana kwa hadubini angali hai. Mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuchoma hapo mrija wa kioo wenye ncha nyembamba mno na kupima presha ya ndani. Nasomea shahada ya uzamili ya famakolojia, na sijasoma habari ya mnyama mwingine aliyenishughulisha hivyo.

Mwaka 1932, Chanutin na Ferris walieleza kwamba ukiondoa sehemu kubwa ya figo za panya, kipande kilichobaki nacho huharibika taratibu. Kwa nini, ilhali kilikuwa kizima? Miaka ya 1980, Barry Brenner na wenzake huko Boston walijibu: kimebebeshwa kazi ya figo mbili. Damu hupita kwa nguvu, vichujio huvujisha protini, kisha hugeuka makovu.

Jaribio lao la mwaka 1986 ndilo ninalolipenda. Panya waliokatwa figo walipanda presha. Kundi moja lilipewa enalapril. Jingine mchanganyiko wa dawa tatu za presha: reserpine, hydralazine na hydrochlorothiazide. Presha ya mwili ilishuka sawasawa kwa wote. Ungekuwa na kipimo cha mkononi tu, ungesema dawa zote ni zilezile. Lakini ule mrija wa kioo ulionyesha kwamba ndani ya vichujio presha ilishuka kwa waliopewa enalapril peke yao, na figo zao ndizo zilizosalimika. Enalapril hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio. Mlango wa kutokea ukifunguka, msukumo hupungua.

Mwaka 1993 yakaja matokeo ya wagonjwa 409 wa kisukari walioanza kuugua figo. Waliopewa captopril, ndugu ya enalapril, hatari yao ya kufa, kusafishwa damu au kupandikizwa figo ilipungua kwa nusu.

Mama yangu humeza enalapril kila asubuhi. Nilipomsimulia haya hakuuliza habari za mrija. Aliuliza kama wale panya waliumia. Nikamwambia hukatwa wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi.

“Na wakiamka?” akauliza.