Mapambo ya vibuyu

Mapambo ya vibuyu ni vitu vya kupambia nyumba, ua au ukumbi vinavyotengenezwa kwa maganda makavu ya matunda ya mmumunye (Lagenaria siceraria). Katika Mkoa wa Dodoma na sehemu nyingine za uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, vibuyu vimekuwa vyombo vya nyumbani tangu zamani. Kwa hiyo malighafi hupatikana shambani, na kazi yenyewe huhitaji zaidi subira kuliko fedha.

Jina

Kibuyu hakitokani na mbuyu, ingawa majina yanafanana na mibuyu ni mingi Dodoma. Tunda la mbuyu huitwa buyu. Ganda lake gumu nalo hutumika kama kikombe au pambo, lakini ni la mmea mwingine kabisa. Kibuyu kikubwa huitwa dundu, na kidogo huitwa kitoma.

Mmea

Mmumunye ni mmea unaotambaa wa familia ya Cucurbitaceae, pamoja na mboga, tikiti na tango. Maua yake ni meupe na hufunguka jioni. Asili yake ni Afrika, lakini mabaki yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia yanaonyesha kwamba ulikuwa umefika Amerika maelfu ya miaka kabla ya Kolumbo. Maboga, kinyume chake, asili yake ni Amerika.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mbegu hupandwa mvua zinapoanza, mara nyingi pembeni mwa shamba la mtama, uwele au mahindi, na matunda hukomaa mvua zikiisha. Kiangazi kirefu kinachofuata hufaa sana kwa kuyakausha.

Matumizi ya zamani

Wagogo, ambao ni wakulima na wafugaji, walitumia vibuyu kuhifadhia maziwa, maji, pombe ya nafaka na mbegu. Kibuyu kilichopasuliwa kilitoa kata ya kuchotea maji. Vidogo vilitiwa ugoro. Vyombo vilivyopendwa vilifungwa shanga au kuchorwa kwa chuma cha moto, na kilichopata ufa kilishonwa kwa uzi badala ya kutupwa.

Siku hizi ndoo na madumu ya plastiki yamechukua nafasi ya vibuyu katika nyumba nyingi. Mkulima asiyekihitaji kibuyu hapandi mbegu zake, na mbegu zisizopandwa kwa miaka mingi hufa. Pamoja nazo hupotea maumbo ya vibuyu yaliyochaguliwa na vizazi vilivyopita. Matumizi ya mapambo ni sababu mojawapo ya kuendelea kuupanda mmea huu.

Kutengeneza

1. Tunda huachwa shambani mpaka kikonyo chake kikauke. Likichumwa changa husinyaa na kuoza.
2. Hukatwa pamoja na kipande cha kikonyo na kuwekwa mahali penye hewa, si juu ya udongo wenye unyevu. Kukauka huchukua wiki kadhaa hadi miezi, kufuatana na ukubwa. Ukungu unaojitokeza nje hufutwa kwa kitambaa. Kibuyu kiko tayari kinapokuwa chepesi na mbegu zake zinalia kikitikiswa.
3. Hulowekwa ili ngozi ya nje ilainike, kisha hukwanguliwa kwa kisu butu au gunzi la mahindi na kusuguliwa kwa msasa.
4. Hukatwa kwa msumeno mdogo. Mbegu hutolewa na kuhifadhiwa kwa kupandwa tena. Nyuzi za ndani hukwanguliwa kwa kijiko. Penye shingo nyembamba hutiwa maji na changarawe na kutikiswa.
5. Michoro hupigwa kwanza kwa penseli, kisha huchomwa kwa msumari au waya uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo. Mwishoni kibuyu hupakwa mafuta kidogo ili king'ae.

Kwa njia hii hupatikana vyungu vya maua makavu, vinyago vya uso, vitoma vya kutundika kwa kamba ya katani, na taa. Taa hutobolewa matundu madogo mengi kwa msumari wa moto; usiku mwanga hupita humo na kuchora nukta ukutani.

Uhusiano na Halloween

Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, hasa Ireland, Uingereza na Marekani. Watu wa Ireland walichonga nyuso katika tanipu, mboga ya mzizi ya jamii ya kabichi, na kutia mwanga ndani. Waliohamia Marekani katika karne ya 19 walikuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi zaidi kuchonga. Boga lililochongwa huoza baada ya siku chache, lakini kibuyu kikavu kikitunzwa hudumu miaka mingi.

Halloween si sikukuu ya mapokeo ya Tanzania. Taa na mapambo ya vibuyu hufaa pia kwa Krismasi, harusi, mahafali ya shule au maonyesho ya Nane Nane, ambayo kwa kanda ya kati hufanyika viwanja vya Nzuguni, Dodoma.

Tahadhari

* Vumbi la ndani ya kibuyu huwasha pua na kifua. Anayesugua afunge kitambaa puani na mdomoni, au asugue kibuyu kikiwa kimelowa.
* Mumunye lenye uchungu lina sumu iitwayo kukurbitasini, ambayo haiishi kwa kupikwa. Tunda la namna hiyo lisiliwe.
* Kibuyu kilichopakwa rangi au vanishi kisitumiwe kwa chakula wala kinywaji.
* Ganda kavu hushika moto upesi. Ndani ya taa ni salama zaidi kuweka tochi ndogo ya betri kuliko mshumaa au kibatari.
* Kazi ya kuchoma kwa msumari wa moto isifanywe na watoto bila mtu mzima.

Tazama pia

* Mmumunye
* Mbuyu
* Wagogo
* Halloween