Muziki wa nyumbani hausikiki vizuri: ubadilishe kifaa gani kwanza?

Ukitaka kuboresha muziki wa nyumbani kwa fedha kidogo, badilisha kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote, si kile kinachong'aa dukani. Mara nyingi kifaa hicho ni spika au chanzo cha muziki. Mara chache ni ampli. Na wakati mwingine hakuna cha kununua kabisa. Katika makala hii tunaeleza namna ya kukitambua kifaa hicho kabla hujatoa fedha mfukoni.

Sehemu nne

Muziki wowote wa nyumbani, uwe mkubwa au mdogo, una sehemu nne. Ya kwanza ni chanzo: simu, flashi, redio au deki ya CD. Ya pili ni ampli, inayoikuza sauti. Ya tatu ni spika. Ya nne watu wengi huisahau, nayo ni chumba chenyewe. Kwenye sabufa, ampli imefichwa ndani ya boksi la besi, lakini kazi ni ile ile.

Sauti hupita katika sehemu hizi kama maji kwenye bomba. Bomba likibana mahali pamoja, kupanua mahali pengine hakuongezi maji.

Mfano wa Kunduchi

Tuchukue nyumba ya mfano Kunduchi, ufukweni kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Ni nyumba ya matofali, sakafu ya saruji, juu bati. Sebuleni kuna ampli ya zamani na spika mbili za mbao, na nyimbo zinatoka kwenye simu. Siku hizi sauti inakwaruza na besi imepotea. Baba anataka kwenda Kariakoo kununua ampli iliyoandikwa wati 5,000. Mama anamuuliza: "Baba watoto, hiyo ni fedha ya ada ya muhula ujao. Una hakika ampli ndiyo mbovu?"

Swali la mama ndilo la kuanza nalo, na linajibika bila gharama.

Vipimo vya bure

Kwanza, badilisha chanzo. Sikiliza redio, kisha wimbo mwingine kutoka simu nyingine. Kama mkwaruzo umeondoka, ubaya ulikuwa kwenye wimbo, simu au waya wake.

Pili, zima ampli, chomoa kwenye umeme, kisha hamisha waya za spika nyuma ya ampli: ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Washa tena. Kama spika ile ile bado inakwaruza, tatizo ni spika hiyo au waya wake. Kama mkwaruzo umehamia kwenye spika nyingine, tatizo liko kwenye ampli au chanzo.

Tatu, angalia alama za kujumlisha na kutoa. Waya wa kujumlisha wa ampli uende kwenye kujumlisha ya spika, pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hupotea ingawa hakuna kilichoharibika.

Nne, toa kitambaa cha mbele na uitazame spika. Ukingo wa sponji unaozunguka karatasi ya spika huoza kwa umri, joto na unyevu. Maeneo ya pwani, hewa ya chumvi nayo hushika kutu kwenye viungo vya waya. Fundi anaweza kubadilisha ukingo bila kubadilisha spika nzima. Ukinunua spika mpya, ukingo wa mpira hudumu kuliko wa sponji.

Chumba

Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha sauti, na maneno ya wimbo huchanganyika. Tandika mkeka mzito au zulia, weka pazia, panga makochi. Inua spika ndogo zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Besi ikinguruma kupita kiasi, ondoa boksi kwenye kona ya chumba. Ikiwa hafifu, lisogeze karibu na ukuta. Haya yote hayana bei ya dukani, na mara nyingi tofauti yake husikika kuliko ya kifaa kipya.

Chanzo

Wapenzi wa muziki duniani wamebishana kwa miaka mingi kuhusu hatua ya kwanza. Kampuni ya Linn, iliyoanzishwa Scotland mwaka 1973, ilijulikana kwa msimamo kwamba chanzo ndicho cha kwanza: kilichopotea mwanzoni hakirudishwi na ampli wala spika. Wengine husema spika ndizo za kwanza, kwa sababu ndizo zinazotofautiana sana kwa sauti.

Kwa msikilizaji wetu wote wawili wana haki, kutegemea alichonacho. Wimbo uliobanwa uwe mdogo ili uingie kwenye simu kwa haraka hupoteza sehemu ya sauti. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 320 kwa sekunde hubakiza mengi kuliko wa kilobiti 64. Kama nyimbo zako zote ni za aina ya pili, spika nzuri itakuonyesha ubaya wake waziwazi zaidi.

Kama chanzo chako ni redio ya FM, angalia antena kwanza. Waya wa shaba wenye mikono miwili, kila mmoja wa sentimita 75 hivi, ukifungwa juu na kuunganishwa vizuri na redio, unaweza kuondoa mkwaruzo ambao ampli ya bei yoyote isingeuondoa.

Ampli na hesabu ya wati

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Maandishi makubwa ya wati kwenye boksi mara nyingi si nguvu ya kazi ya kila siku. Geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa kinatumia wati 60 za umeme, hakiwezi kutoa wati 5,000 za muziki mfululizo. Hakitoi hata 60, maana sehemu ya umeme hugeuka joto.

Tena, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio husikia kama ongezeko dogo. Ili sauti isikike kama imeongezeka mara mbili, unahitaji nguvu mara 10 hivi.

Badilisha ampli ikiwa vipimo vimeonyesha ndiyo mbovu, au ikiwa inakwaruza kila unapofikia sauti unayoihitaji. Usiilazimishe: ampli iliyozidiwa huweza kuunguza spika ndogo za juu. Soma pia omu nyuma ya spika. Ampli inayoruhusu omu 4 hadi 8 isifungwe spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja, kwani kwa pamoja huwa omu 2 na ampli inaweza kuungua. Na usiifungue mwenyewe: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Umeme

Umeme wa gridi Tanzania ni volti 230. Panapopanda na kushuka, kidhibiti umeme kinaweza kuwa ununuzi wa maana kuliko ampli, kwa sababu kinalinda vyote. Kwa wenye sola ya volti 12, piga hesabu: kifaa cha wati 60 huvuta ampea 5. Betri ya ampea 20 kwa saa huisha ndani ya saa 4, na si vizuri kuimaliza yote. Kwenu, spika inayotoa sauti kubwa kwa wati chache ni bora kuliko ampli kubwa.

Uamuzi

Fuata mpangilio huu: vipimo vya bure, chumba, waya na antena, chanzo, spika, na ampli mwisho. Badilisha kitu kimoja, sikiliza wiki moja, ndipo ufikirie kingine. Ukienda dukani, beba simu yako na wimbo unaoujua vizuri, uombe upigwe kwa sauti ya kawaida. Sauti kubwa ya dukani huficha mengi.

Turudi Kunduchi. Tuseme waya zimehamishwa na mkwaruzo umebaki kwenye spika ile ile. Kitambaa kimetolewa, ukingo wa sponji umeoza. Spika ya pili nayo imefungwa kinyume, ndiyo maana besi ilipotea. Kazi iliyobaki ni ya fundi wa mtaani na bisibisi. Ampli ya zamani inabaki mahali pake, na ada ya muhula inabaki kuwa ada.